Mawe au watu?

Nahodha mmoja wa boti, nitakayemwita Mzee, pale mwaloni Rumonge, Burundi, kwenye Ziwa Tanganyika, hamwulizi mgeni ametoka wapi. Humtazama viatu kwanza, kisha humwuliza: "Mawe au watu?"

Nililisikia swali hilo nikiwa kando, nasubiri samaki wangu, mukeke, ageuzwe makaani, nikashindwa kuliacha lipite. Wageni walikuwa vijana watatu wenye majina ya Kirundi na lafudhi ya Ubelgiji, wale wanaorudi kila kiangazi kuwasalimia bibi zao. Walitaka magofu. Mmoja wao alikuwa amefika Kilwa Kisiwani, akauona msikiti mkuu na Husuni Kubwa, akarudi na imani kwamba kila pwani walikopita wafanyabiashara Waswahili haikosi ukuta wa kupigia picha. Wenzake walikuwa tayari kwa lolote, mradi wawe Bujumbura kabla ya giza.

"Mawe mmeyapita njiani," Mzee akawaambia. "Pale Mugere. Gari lenu halikusimama."

Alisema kweli. Anayeteremka kutoka Bujumbura kwa barabara ya RN3 hulipita Jiwe la Livingstone na Stanley baada ya kilomita kama 12 tu, akili ikiwa tayari kwenye samaki wa Rumonge. Ni mwamba mkubwa juu ya kilima kinacholitazama ziwa, umechongwa majina mawili na tarehe, 25-XI-1871. Basi. Hakuna ukuta, hakuna kisima, hakuna mnara. Wengi huwasili, huligusa, huuliza kama ni hilo tu, kisha huondoka.

Mzee ana neno lake kuhusu jiwe hilo, na kwa jinsi alivyolitoa nadhani si mara yake ya kwanza: "Wageni wawili walilala kwa chifu Mukamba siku mbili, wakachongewa mwamba. Mimi nimelala hapa tangu nizaliwe." Aliniomba nisiliandike jina lake, maana kibali alicho nacho ni cha kuvua, si cha kutembeza watalii. Umri wake unakaribia miaka sitini. Usiku usio na mbalamwezi alikuwa akitoka na karabai kuvua ndagala, dagaa wa ziwa hili. Siku hizi watoto wake ndio wanaokwenda, na taa zao ni za betri. Yeye amebaki na boti ya mchana.

Mimi naona jiwe la Mugere linaonewa. Livingstone na Stanley hawakuja huku kutalii. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi, muda mfupi baada ya kukutana kwao hapo, ili wakamalize ubishi uliokuwa ukizisumbua jumuiya za wanajiografia za Ulaya: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Waingereza Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia, lakini mdomo wake hawakuufikia kwa macho yao. Mvuvi yeyote wa mwambao huu angeweza kuwajibu bila kuinua kafi. Livingstone na Stanley wakaenda, wakaona, unaingia.

Jambo ambalo hawakulijua, na ambalo hakuna jiwe linalolisimulia, ni kwamba walikuwa wakiutafuta mlango wa ziwa upande usio wake. Maji ya Tanganyika yana njia moja tu ya kutokea juu ya ardhi, nayo ni mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, karibu na Kalemie ya leo. Wakati huo Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na matete. Mvumbuzi Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alirudi mwaka 1876, akakuta maji yamesimama karibu kabisa. Ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 lilikuwa linajazwa na mito yake yote huku mlango umefungwa. Lilipanda hadi kama mita 783 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Mmisionari Edward Hore, aliyekuwa na makao yake Ujiji, alikwenda kuutazama Lukuga mwaka 1879 akaukuta unakimbia kwa nguvu. Katika muda usiofika miaka ishirini, ziwa likashuka karibu mita kumi.

Kwa hiyo ufuo walioushukia wale mabwana wawili haupo tena. Ni nchi kavu, mtu anailima. Aliyefika Ujiji analijua hili kwa miguu yake: mnara wa kumbukumbu ya kukutana kwao uko mbali na maji, ingawa mwaka 1871 ziwa lilikuwa jirani.

Nilipomweleza Mzee habari za Lukuga hakushangaa hata kidogo. "Babu yangu alisema ziwa lina pumzi," akanijibu. "Linavuta, linatoa. Sisi tunajenga likivuta."

Hapo ndipo aliponipandisha botini pamoja na wale vijana. Walikuwa wameshachagua watu. Njia ya vijiji, kama aifanyavyo yeye, hufuata ukingo polepole: mashamba ya michikichi yanayoipa Rumonge mawese yake, wanawake wanaoanika ndagala, mafundi wanaoziba mitumbwi, watoto wanaoruka majini kila wakiona boti yenye wageni. Ni nzuri. Imo katika picha za simu za watu wengi, sitaipamba zaidi.

Tulipokuwa tunarudi alizima injini bila kutoa sababu. Mbele yetu zilisimama kuta nne ndani ya maji.

Nyumba ile ilijengwa kwa matofali ya saruji, ikapakwa rangi ya samawati ambayo bado ipo juu ya mstari wa maji. Chini ya mstari kuna kijani cha mwani wa ziwa. Bati lilishaondolewa, na mbao pia, maana hakuna aachaye mbao. Dirisha la chumba cha mbele limebaki na nondo zake. Ngazi mbili za mlangoni zinaonekana chini ya maji, safi kama zilifagiliwa asubuhi. Jikoni kuna rafu ya saruji, na juu yake mtu aliwahi kupanga vigae vitano vyeupe, kimoja kimepasuka. Samaki wadogo wa mawe, wale wenye mistari ambao wafugaji wa Ulaya huwanunua kwa bei kubwa wawatie katika matangi ya kioo, wamehamia humo. Mzee anasema walifika mwaka uleule maji yalipoingia. Kwao ukuta ni mwamba kama miamba mingine. Mtoto mmoja alikuwa amekaa juu ya ukuta wa chumba cha kulala, ameteremsha ndoana ndani.

Kwenye kona ya ukuta huo kuna mikwaruzo ya msumari, mmoja juu ya mwingine. Ni kazi ya Mzee. Kila msimu wa mvua maji yakifika kileleni, huja kukwaruza. Mkwaruzo wa 2021 upo, ziwa lilipopita mita 776 na maji yakaingia katika mitaa ya mwambao huu wote, toka Gatumba hadi Nyanza-Lac. Wa 2024 uko juu zaidi. Mwaka huo maji yalikaribia mita 777, kiwango ambacho wazee wanakikumbuka kutoka 1964. Hakuna aliyemwagiza. Nilimwuliza anaweka alama za nini. "Ili mwenye nyumba asije akaambiwa anasema uongo," akasema.

Yule kijana aliyefika Kilwa alikuwa amenyamaza kwa muda. Kisha akauliza yale aliyokuja nayo: kweli hapa hapana kitu cha kale? Mzee akamwonyesha kwa kidevu upande wa mji. Mapadri wa White Fathers waliweka kituo Rumonge mwaka 1879, ziwa likiwa ndiyo kwanza limeanza kushuka. Kilikuwa kituo cha kwanza cha Kikatoliki Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 padri Deniaud, padri Augier na msaidizi wao D'Hoop wakauawa hapo, katika ugomvi na watu wa chifu Bikari juu ya mtoto waliyekuwa wamemkomboa utumwani. Kituo cha kudumu wamisionari walikianzisha mwaka 1898 huko Muyaga, mashariki, mbali kabisa na maji haya. Biashara ya watumwa na pembe ilikuwa na mikono yake hapa, na mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alijaribu kuingia nchini akarudishwa na majeshi ya mfalme Mwezi Gisabo. Hayo yote yametokea. Lakini watu wa hapa walijenga kwa miti na udongo, na ziwa lilikuwa linahama.

"Kale ya Kilwa ni ya matumbawe," Mzee akamwambia, kwa upole wa kumzoesha mtoto dawa chungu. "Ya kwetu ililiwa na mchwa. Hii hapa ndiyo ya kwanza kujengwa kwa saruji."

Vijana hawakupiga picha mara moja. Mmoja alipotoa simu, mwenzake akamshika mkono. Wakabishana kwa Kifaransa kama ni adabu. Sina jibu kwa niaba yao. Magofu ya Gedi, pwani ya Kenya, hatuyaonei aibu, kwa sababu walioyahama hatuwajui majina. Mwenye nyumba hii anauza nyanya sokoni mita chache kutoka ufukweni, na Mzee humpelekea faranga kidogo kila anapoleta wageni. Je, hiyo ni pole, ni kodi, au ni kiingilio? Mzee alipoulizwa aliishika kamba ya injini, akasema ni haki yake tu, tusimtafutie jina.

Nilimfuata mama huyo sokoni. Kwanza alitaka kujua kama natoka serikalini. Nilipomhakikishia kwamba hapana, akaongea huku akipanga nyanya zake mafungu mafungu. Baadhi ya majirani zake, alisema, walipelekwa kambini Kigaramango; yeye alihamia kwa dada yake. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inaacha ukanda wa mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la hifadhi, na nyumba yake, ambayo ilipojengwa ilikuwa mbali na mawimbi, sasa imo ndani ya ziwa lenyewe. Mita 150 hupimwa kutoka wapi, iwapo ukingo unatembea? Hilo aliniuliza yeye, si mimi.

Nikamweleza habari za Lukuga, jinsi ziwa lilivyoshuka mita kumi baada ya 1878. Aliacha nyanya. "Basi linaweza kuondoka tena?" Nikasema limewahi. "Na likiondoka, kile kiwanja ni changu au ni cha nani?"

Mzee alikuwa ameketi karibu, anahesabu nauli. Hakuinua kichwa. "Mwambie aandike hilo, mama," akasema. "Na aandike kwamba mikwaruzo ninayo."