Mwenye Kifafa Akiumwa na Tumbo

Mtu anayemeza dawa ya kifafa kila siku, naye hajaanguka tangu miezi mingi, hufurahi pamoja na jamaa yake. Lakini tuseme siku moja tumbo linamwuma sana, naye anatapika. Jamaa watasema nini? Wengine watasema, "Ni minyoo." Wengine, "Amerogwa." Lakini pengine ni dawa yenyewe.

Iko dawa moja ya kifafa iitwayo valproati. Wengi wanaijua kwa jina la Depakine. Nguvu yake ya kuzuia kifafa ilitambuliwa huko Ufaransa mwaka 1962, nayo imesaidia watu wengi. Lakini kwa watu wachache sana huleta ugonjwa wa kongosho.

Kongosho ni nini? Ni kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa maji makali ya kusaga chakula, tena husaidia kutawala sukari ya damu. Kikiugua, maji yale huanza kukila chenyewe. Mtu anaweza kufa.

Dalili zake ni hizi. Maumivu makali huanza juu ya tumbo, chini ya kifua, na mara nyingi hupenya mpaka mgongoni. Mgonjwa hutapika, hukataa chakula, pengine ana homa. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Mama aangalie kama anatapika na kukataa kula.

Mara nyingi ugonjwa huu huja katika miezi ya kwanza ya kumeza dawa, lakini umeonekana hata baada ya miaka mingi. Si lazima mtu awe amezidisha vidonge. Kwa sababu hiyo, mwaka 2000 huko Marekani onyo kali liliongezwa katika karatasi ya dawa hii.

Ufanye nini? Umpeleke mgonjwa hospitali siku ile ile, usingoje kesho. Uchukue pakiti ya dawa, umwonyeshe munganga. Ataulizia pia pombe na vijiwe vya nyongo, kwa maana hivyo navyo huleta ugonjwa huu mara nyingi. Atapima damu. Akiuona ugonjwa, ataondoa valproati na kuweka dawa nyingine ya kifafa mahali pake. Atatia maji katika mshipa na kutuliza maumivu. Baadaye mgonjwa asirudie valproati tena.

Sasa sikia neno la pili, wala si dogo kuliko la kwanza: usitupe dawa nyumbani kwa hofu. Anayeacha ghafula anaweza kushikwa na kifafa mara kwa mara bila kuzinduka, au kuanguka motoni au mtoni. Maumivu mengi ya tumbo hayatoki katika dawa hii. Munganga ndiye atakayepambanua.

Basi, kumbuka: tumbo kali na kutapika, hospitali leo, na pakiti mkononi.