Mnunuzi wa Ardhi na Wakili Wake (Sehemu ya Pili)

Baada ya kuzieleza, katika sehemu iliyotangulia, namna za milki zilizopo Mombasa na mwambao wote wa Kenya, yafaa sasa tuyaelekee maswali ambayo mtu mwenye nia ya kununua kiwanja au nyumba huyauliza mintarafu ya wakili. Na swali la kwanza, ambalo aghalabu huulizwa fedha zikiwa zimekwisha kutoka mkononi, ni hili: je, wakili ni wa lazima?

Sheria haikumwekea mnunuzi faradhi ya kuwa na wakili, wala mtu hashitakiwi kwa kununua bila yeye. Lakini imeizungushia biashara hii masharti ambayo ni taabu kuyatimiza pasipo mtu huyo. Mkataba wa kuuza ardhi hausimami mahakamani ila uwe umeandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ikashuhudiwa. Na hati za kuhamisha milki hazina budi kubeba jina la aliyeziandika, ambapo asiye na sifa za uwakili akiziandika kwa ujira huwa ametenda kosa. Kwa hiyo dalali anayetoa fomu ya mkataba mfukoni na kukutaka utie sahihi pale pale barazani, mbele ya mashahidi aliokuja nao mwenyewe, hakupunguzii gharama, bali anakutia hatarini. Hata aliye wakili kweli, cheti chake cha kufanyia kazi hudumu hadi tarehe 31 Desemba tu, na jina lake laweza kutazamwa katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Basi na litazamwe, wala mtazamaji asione haya, kwani wakili mwaminifu hachukizwi na jambo hilo.

Swali la pili ndilo ambalo ningependa msomaji alitie moyoni kuliko yote. Muuzaji, na hasa kampuni zinazokata na kuuza viwanja, humwambia mnunuzi: "Wakili tunaye, usijisumbue, atatuandikia sote." Maneno haya yana ladha ya ukarimu, na mtu aliyedunduliza akiba yake kwa miaka mingi huyapokea kwa shukrani, ilhali maana yake ni kwamba atakayeichunguza bidhaa ni yule yule aliyelipwa na mwenye kuiuza. Siku wakili huyo atakapokuta katika sajili kwamba kiwanja kimewekewa zuio na ndugu wa muuzaji, au kwamba kimewekwa rehani benki, akimweleza mnunuzi atakuwa amemharibia muuzaji biashara, na akinyamaza atakuwa amemdhulumu mnunuzi. Hakuna njia ya tatu, na si haki kumtwika mwanadamu mtihani kama huo. Naona, basi, kila upande uwe na wakili wake, na wa mnunuzi awe amekwisha kupatikana kabla ya ile asilimia 10 ya bei, ambayo kwa desturi ndiyo malipo ya kwanza, haijalipwa. Akishapatikana, ataandika katika mkataba kwamba fedha hizo zikae kwa wakili wa muuzaji kama amana ya pande zote mbili, wala zisitiwe mkononi mwa muuzaji mpaka milki ihamishwe.

Je, kazi yake ni ipi hasa? Wengi hudhani ni kuandika, kumbe kuandika ni sehemu ndogo, na kubwa ni kuchunguza. Ataomba upekuzi rasmi wa sajili ya ardhi, naye atapata karatasi yenye sehemu tatu: ya kwanza hueleza kiwanja na ukubwa wake, ya pili humtaja mwenye milki, na ya tatu hutaja mizigo iliyokielemea, kama vile rehani, zuio au amri ya mahakama. Mnunuzi na aidai karatasi hiyo aisome mwenyewe, na aanze na sehemu ya tatu.

Lakini karatasi hiyo haitoshi, na hili limekuwa bayana zaidi tangu mwaka 2023, pale Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua kesi baina ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichogombaniwa kiko Nyali, kando ya bahari. Kiligawiwa mwaka 1989, na mgawiwa wa kwanza alikuwa Rais wa zama hizo. Kikauzwa, kikauzwa tena, na mnunuzi wa mwisho akawa na hati yake mkononi. Mwaka 2017 kaunti iliubomoa ukuta wa kiwanja hicho ili kufungua njia ya kwendea ufukweni. Mahakama ilishika kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma, na kwamba ilitolewa pasipo kufuata utaratibu wa sheria, hivyo hati iliyozaliwa na ugawaji huo haikuweza kumpa milki hata mnunuzi aliyelipa thamani kamili. Tangu hapo wakili anayeishia kwenye upekuzi wa siku moja hajamaliza wajibu wake. Yampasa kurudi nyuma hadi kwenye ugawaji wa kwanza, aulize nani alitoa, kwa idhini gani, na ramani ya mpima ardhi yasemaje.

Kwetu mwambao kuna mambo mengine asiyoyaeleza dalali. Iwapo anayeuza ni mrithi, mirathi iwe imethibitishwa kwanza, na warithi wote wajulikane. Ikiwa nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mke au mume ipatikane kwa maandishi. Na ikiwa ardhi ni ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba huwa batili. Kuna pia wakfu, usiouzwa kiholela, na kuna zile nyumba bila ardhi, ambamo mnunuzi hununua kuta na paa, na ardhi iliyo chini yake akabaki kuilipia kodi kwa mwenyewe.

Ujira wa wakili una kima cha chini kilichowekwa na kanuni, naye hana ruhusa ya kukishusha, kwa hiyo anayejinadi kwa urahisi uliopindukia na ashukiwe. Kilicho kizito zaidi ni ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, yaani nyumba ya mjini ya shilingi 5,000,000 hulipiwa 200,000. Nao huhesabiwa kwa makadirio ya mthamini wa serikali iwapo yamezidi bei ya mkataba.

Salio la bei lina shida yake, maana muuzaji hataki kutoa hati kabla ya kulipwa, na mnunuzi hataki kulipa kabla ya kuandikishwa. Mawakili huliondoa fundo hilo kwa ahadi ya maandishi: wa mnunuzi humwahidi mwenziwe kwamba fedha zitalipwa mara milki ikisajiliwa, na ahadi hiyo humfunga yeye mwenyewe, hata mahakama yaweza kumshurutisha kuitimiza. Dalali hawezi kutoa ahadi ya namna hiyo. Usajili ukishakamilika, mnunuzi na aombe upekuzi mwingine, safari hii wa ardhi yake, alilinganishe jina lililoandikwa katika sehemu ya pili na lile la kitambulisho chake, herufi kwa herufi, kabla hajamlipa wakili baki ya ujira wake.

(Itaendelea)