Bonde la Ufa Lililozikwa Chini ya Brooklyn Park

Mtu aliyekulia Nakuru au Naivasha akihamia Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, hudhani ameliacha Bonde la Ufa nyuma kabisa. Huku nchi ni tambarare, Mto Mississippi unapita kando ya mji, na hakuna mlima hata mmoja wa volkeno. Kumbe eneo zima la Minneapolis na Saint Paul limekaa juu ya bonde la ufa jingine, la kale mno, lililofukiwa na mchanga na mawe ya chokaa.

Ufa huo ulianza kufunguka takriban miaka bilioni 1.1 iliyopita. Ulipita Kansas, Iowa na Minnesota, ukafika Ziwa Superior, kisha ukapinda kuelekea Michigan, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000. Lava iliyomwagika ilizidi kilomita za ujazo milioni moja. Anayetaka kuigusa aende Taylors Falls, kwenye Mto St. Croix, ambako mto umechonga genge refu katika basalti nyeusi.

Baadaye ufa ukafa. Kwa nini? Wanajiolojia wengi wanahusisha kifo chake na mabara yaliyogongana upande wa mashariki, yakainua milima ya Grenville na kuungana kuwa bara kuu linaloitwa Rodinia.

Lakini nani alikuwepo hata tuyajue hayo? Mawe yenyewe ndiyo yaliyoweka kumbukumbu. Lava inapopoa chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, chembe za magnetiti zilizomo hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati ule. Karibu na ikweta uga huo hulala sambamba na ardhi. Kwenye ncha huzama wima. Ukipima pembe iliyobaki ndani ya jiwe, unapata latitudo ambako jiwe lilizaliwa. Umri wake hupatikana kwenye zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Chuo Kikuu cha Minnesota, jijini Minneapolis, kina taasisi mahususi ya usumaku wa miamba, na watafiti hupeleka sampuli zao huko kutoka nchi mbalimbali.

Mawe ya ufa huu yaliwahi kuwatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Uga wa sumaku wa dunia hugeuka mara kwa mara, kaskazini ikawa kusini, na pande hizo mbili zinapaswa kukabiliana sawasawa. Katika lava za Ziwa Superior hazikukabiliana. Wengine wakashuku kwamba uga wa enzi ile haukuwa kama wa leo. Mwaka 2009 Nicholas Swanson-Hysell na wenzake walichapisha vipimo vya lava za Mamainse Point, Ontario, zilizopangana tabaka kwa tabaka, na fumbo likafumbuka: uga ulikuwa wa kawaida, bara ndilo lililokuwa likikimbia. Makadirio ya baadaye yalionyesha kwamba lilisogea zaidi ya sentimita 20 kwa mwaka kuelekea ikweta. Leo mabamba mengi ya ganda la dunia husogea sentimita chache tu.

Njia hii ina upungufu mmoja mkubwa: usumaku hutoa latitudo, hautoi longitudo. Ndiyo sababu ramani za Rodinia zinatofautiana, na mabishano kuhusu bara lipi lilipakana na lipi hayajaisha. Ramani nzuri ya Rodinia ni hoja, na msomaji ana haki ya kuisoma hivyo.

Hapo ndipo ufa wa Minnesota unapotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mara kwa mara tunaambiwa kwamba Afrika itagawanyika na bahari kuingia kati, kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Volkeno za ufa wa Marekani ziliwaka kwa takriban miaka milioni 25, kisha zikazimika. Ufa wetu nao umeshafikia umri wa namna hiyo, na vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba bado unafunguka, milimita chache kwa mwaka. Tofauti iliyopo ni kwamba mashariki mwetu hakuna bara linalokuja kutugonga. Kuna Bahari ya Hindi, ambayo sakafu yake yenyewe bado inapanuka.