Kiti cha choo kisichobamiza

Kuna mambo ambayo watu wazima huona haya kuyataja mbele ya wageni, na choo ni moja lao. Mtu atakutembeza sebuleni mwake, akuonyeshe makochi na televisheni, hata jikoni atakupeleka, lakini ukiulizia choo atakuelekeza kwa kidole tu na kugeuza uso. Hata hivyo, hicho ndicho chumba ambacho kila mtu wa nyumba hana budi kukiingia kila siku, na si ajabu kwamba manung'uniko mengi ya nyumbani huanzia huko. Bwana huacha kikalio kimeinuliwa. Bibi huamka usiku wa manane, stima imepotea, akajikalisha juu ya kaure tupu yenye baridi. Mtoto naye hukiachilia kikaanguka "paa!" na mgeni aliyelala chumba cha pili akaruka kitandani.

Siku hizi katika maduka ya vifaa vya ujenzi mijini kunauzwa kiti cha choo ambacho hakianguki. Unakigusa kidogo kwa kidole, unakiacha, nacho hushuka chenyewe taratibu mpaka kikatua juu ya bakuli bila ya kelele. Wako wanaosema kwamba huo ni urembo wa watu waliokosa la kufanya na pesa zao. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu kubwa ni watoto wadogo, hasa wa kiume.

Kwanza tukumbuke kwamba ugomvi huu wa kikalio ni mgeni kwetu. Wazee wetu, wa pwani na wa bara, walichutama. Katika nyumba za mawe za Lamu choo kilikuwa ni tundu sakafuni, na kando yake birika la maji na kata ya kuchotea. Wajenzi wa nyumba hizo walikuwa na akili nyingi: waliweka samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli za kaure ili maji yanapokauka au birika linaposafishwa, samaki wabakiwe na kidimbwi chao. Mahali kama hapo hapakuwa na kitu cha kuinuliwa wala cha kuteremshwa. Isitoshe, Waislamu wa pwani hufundishwa tangu utotoni kuchutama hata kwa haja ndogo, kwa hivyo hata choo cha kukalia kilipoingia majumbani mwao, wengi hawakuwa na haja ya kuinua kikalio. Ni yule mwanamume anayesimama ndiye aliyeleta kesi.

HATARI KWA WATOTO

Mnamo Desemba 2008 madaktari wa hospitali moja ya mji wa Crewe, Uingereza, waliandika katika jarida la BJU International juu ya wavulana wanne wa umri wa miaka 2 hadi 4 walioletwa kwao wakiwa wameumia. Wote walikuwa ndio kwanza wanajifunza kwenda chooni wenyewe. Kila mmoja alikuwa ameinua kikalio, akasimama kukojoa, na kikalio kikamwangukia na kumbana dhakari juu ya ukingo wa bakuli. Kwa bahati njema walipona. Lakini madaktari hao walitoa onyo kwamba vikalio vizito vya mbao na vya mapambo, ambavyo vilikuwa vikipendwa sana, vingeweza kuleta ajali zaidi za namna hiyo.

Mzazi yeyote anaweza kulithibitisha jambo hili bila ya kuwa daktari. Msimamishe mtoto wa miaka mitatu mbele ya choo cha kukalia uone ukingo wa bakuli unamfikia wapi. Kisha tazama kikalio kilivyosimama nyuma: kama tangi limekaribia mno, au kama mama ameliveka tangi kitambaa kinene cha kupamba, kikalio hakilali nyuma vya kutosha, na mtikisiko mdogo tu hukirudisha mbele.

Madaktari wale walishauri mambo kadhaa. Mtoto afuatane na mzazi mpaka azoee. Afundishwe kukishika kikalio kwa mkono. Watu wanunue vikalio vya kushuka polepole. Na la mwisho, ambalo najua akina mama hawatalipenda, ni kwamba katika nyumba yenye mvulana mdogo, kikalio kiachwe kimeinuliwa baada ya kutumiwa! Hapo ndipo hiki kiti cha kisasa kinapokuwa msuluhishi. Mama atakikuta kimeshuka kama apendavyo, na mtoto akikiinua vibaya kikaponyoka, hakitamwangukia kwa kishindo.

Lakini tahadhari. Katika baadhi ya viti vinavyouzwa, kifuniko cha juu ndicho kinachoshuka polepole, huku duara la kukalia linaanguka kama zamani. Duara ndilo linalomwumiza mtoto. Ukiwa dukani mwambie mwenye duka akuonyeshe vyote viwili vikishuka mbele ya macho yako.

MAFUTA NDANI YA BAWABA

Watu wengi hudhani kwamba kiti hiki kina mtambo wa ajabu. La. Hakina betri wala waya. Wajapani ndio wenye viti vya stima: kampuni yao ya TOTO ilitoa mwaka 1980 kiti kiitwacho Washlet, chenye kumwosha mtu kwa maji ya uvuguvugu, na leo kuna vile ambavyo kifuniko hufunguka chenyewe mtu akikaribia. Hivyo tuwaachie wenyewe, maana sisi twaijua stima yetu.

Hiki chetu siri yake imo katika bawaba. Ndani yake mna silinda ndogo, unene wake kama kidole, yenye mafuta mazito ya silikoni. Katikati ya mafuta hayo umepita mhimili wenye bawa. Kifuniko kinaposhuka, bawa husukuma mafuta yapite katika upenyo mwembamba mno. Ukitaka kuelewa, tia kijiko ndani ya asali. Ukikisogeza taratibu kinapita, ukikisukuma kwa nguvu asali inakataa. Unapokiinua kifuniko, mafuta hupata njia pana zaidi ya kupita, na ndiyo sababu mkono hausikii uzito. Ni jamaa ya kile chombo kilichofungwa juu ya milango ya mabenki na maofisi ili mlango usibamize.

Kutokana na hayo utaona kosa ambalo watu hulifanya kila siku. Mtu aliyezoea kiti cha kale hukisukuma kwa kiganja ili kifungike upesi, maana ana haraka. Kufanya hivyo ni kupigana na mafuta. Siku nyingi zikipita, mpira unaozuia mafuta huchoka, bawa hulegea, na kiti kilichonunuliwa kwa bei kubwa huwa sawa na kile kilichotupwa. Mpe kila mtu nyumbani sheria moja: gusa, kisha ondoa mkono.

KUKIFUNGA

Kazi ya kukifunga haihitaji fundi, lakini vipimo vyahitajika kabla ya kwenda dukani. Viti vingi vilivyorudishwa madukani havikuwa vibovu, havikulingana na bakuli tu. Pima umbali kutoka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya lingine. Katika vyoo vya Kimarekani ni kama sentimita 14, na vya Ulaya mara nyingi ni sentimita 15.5, ingawa viti vingi vina bawaba zinazoweza kusogezwa kidogo. Pima tena kutoka kwenye matundu hadi ncha ya mbele ya bakuli, na upana mahali palipo papana zaidi. Halafu tazama umbo, kama ni la duara, la yai au la herufi D. Kiti cha umbo la D hakitalikaa bakuli la yai hata ukikiomba.

Kigumu zaidi ni kuondoa kile cha zamani. Bolti za chuma zilizoishi chooni miaka kumi huwa zimeoza kwa kutu. Zitie mafuta ya kulainisha, uziache usiku kucha, asubuhi ujaribu tena kwa spana. Zikikataa, zikate kwa msumeno wa chuma, huku umetandika kipande cha katoni ili kaure isikwaruzwe. Nyundo usiishike. Kaure ikipasuka utanunua choo kizima, si kiti.

Kiti kipya huja na bolti, washa za mpira na nati, mara nyingi za plastiki. Zipitishe kwenye matundu, kaza nati kwa vidole tu, kisha teremsha kikalio uhakikishe kimekaa katikati na vile vimpira vyake vya chini vyote vimegusa ukingo. Hapo ndipo unapokaza, nusu mzunguko hivi, basi. Plastiki ikikazwa kwa hasira hukatika. Katika aina nyingi bawaba moja huhudumia kikalio na nyingine huhudumia kifuniko, kwa hivyo usizibadilishe ya kulia ikaenda kushoto. Baada ya wiki moja rudi ukague nati, kwani huenda zimelegea kidogo.

Viti vingine vina kitufe nyuma, ukikibonyeza kiti chote hung'oka bila ya spana. Nawasifu waliobuni kitufe hicho, kwa sababu uchafu wa choo hujificha nyuma ya bawaba, mahali burashi isipofika.

Na mnapoosha, msitie dawa kali bakulini kisha mkafunika. Mvuke wake hupanda ukala chuma cha bawaba na kuharibu rangi. Acha kifuniko wazi mpaka dawa ivutwe na maji. Mtu naye asipande juu ya kifuniko kubadilisha balbu. Hicho si ngazi.

Je, kufunika choo wakati wa kuvuta maji kunazuia magonjwa? Hapa wataalamu wametuonyesha mambo mawili. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, walimulika choo kisicho na kifuniko kwa mwangaza wa kijani wa leza. Walipovuta maji, waliona matone madogo mno yakiruka kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, na kwa sekunde 8 yakawa yamefika mita moja na nusu juu ya bakuli. Picha zake zinatosha kumfanya mtu auhamishe mswaki wake. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walitoa matokeo ya majaribio yao wenyewe kwa virusi visivyodhuru watu, wakakuta kwamba kufunika au kutofunika hakukuleta tofauti ya maana kwa virusi vilivyotua karibu na choo. Kilichosaidia ni kusugua bakuli kwa burashi pamoja na dawa ya kuua viini. Maoni yangu ni kwamba tufunike, kwa heshima na kwa ajili ya matone makubwa, ila asije mtu akasema burashi imestaafu.

Na wale wenye choo cha shimo wasidhani habari hii haiwahusu. Kwao kifuniko ni jambo kubwa kuliko mjini, maana nzi anayetoka shimoni hutua moja kwa moja juu ya ugali. Kuna sahani ya plastiki iitwayo SATO, iliyobuniwa na kampuni ya Kimarekani ya American Standard na kuanza kutumiwa Bangladesh, ambayo leo hupatikana hapa Kenya pia. Hujengewa kwenye tundu kwa saruji. Chini yake mna mlango mdogo wenye uzito upande wa pili. Ukimwaga maji kidogo hufunguka, uchafu ukapita, kisha hujirudisha wenyewe na kuziba njia ya nzi na harufu. Hata mtoto anayeogopa kutumbukia shimoni hupata moyo.

Nirudi kwa watoto, kwani kuna jambo moja limenitia wasiwasi. Mtoto aliyelelewa na kikalio cha kushuka polepole hujifunza kukiachilia bila ya kutazama. Siku atakapokwenda kwa nyanya yake, au shuleni, atakutana na cha kawaida, nacho hakitamngoja. Kwa hivyo hata ukiwa nacho kizuri namna gani, mfundishe kukishika. Na cha nyumbani ukikaguekague. Kikianza kushuka upesi kuliko zamani, badilisha bawaba, ambazo kwa aina kadhaa huuzwa peke yake.

Wapangaji huuliza kwa nini wagharimie nyumba ya mwenyewe. Kiti ni bolti mbili tu. Kile cha mwenye nyumba kioshe, kifunge kwa gazeti, ukiweke juu ya kabati. Siku ya kuhama utakirudisha mahali pake na kuondoka na chako.