Tope la Milimani, Afya ya Bondeni

Udongo unaokokolewa na mvua mashambani Kasulu na Kibondo hauishii huko. Mto Malagarasi na vijito vyake huusafirisha kuelekea Ziwa Tanganyika. Sehemu ya tope hilo huchujwa na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000.

Ziwani, ung'avu wa maji hupimwa kwa kisahani cha Secchi, kilichobuniwa mwaka 1865. Huteremshwa kwa kamba hadi kisionekane, na kina hicho kikaandikwa.

Kipimo hicho chagusa afya pia, kwa kuwa tope huvikinga vijidudu dhidi ya klorini. Maji ya kunywa yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe, ndipo yatiwe dawa. Mti unaoshika udongo mlimani humlinda anywaye bondeni.