Evo na STI: Ushindani wa Wajapani ulioacha spea zisizoingiliana

Agiza giaboksi ya "Evo" kutoka Japani bila kusema ni Evo ya ngapi, na huenda ukapokea mzigo usiofunga kwenye gari la mteja wako. Rimu za Subaru Impreza STI nazo ni hivyo hivyo. Kwa macho zote zina matundu matano, lakini za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni 5x100, na za kuanzia katikati ya miaka hiyo ni 5x114.3. Wauza spea wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka mjini Kampala na Kariakoo jijini Dar es Salaam wanaijua vizuri hasara ya kukosea hapo.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni kampuni mbili ambazo kwa zaidi ya miaka kumi hazikupeana nafasi ya kupumua.

Mwishoni mwa 1992 Mitsubishi ilitoa Lancer Evolution ya kwanza, na Subaru ikatoa Impreza WRX. Yote mawili yalikuwa na injini ya lita mbili yenye turbo, na yalivuta kwa magurudumu yote manne. Injini ya Mitsubishi, 4G63, ilitoa nguvu farasi 250. Ile ya Subaru, EJ20, ambayo pistoni zake zimelala ubavu kulia na kushoto, ilitoa 240.

Hayakutengenezwa kwa ajili ya fahari. Kanuni za Kundi A za mbio za dunia zilidai kwamba gari la mashindano litokane na gari la kawaida la barabarani, lililotengenezwa kwa idadi isiyopungua 2,500. Fundi akitaka turbo kubwa zaidi au difu bora kwa ajili ya mbio, kiwanda kililazimika kuifunga pia kwenye gari atakalonunua karani wa Osaka. Ndiyo maana uhodari wa mbio haukubaki kwenye viwanja vya mbio, bali ulifika hadi kwenye meli za mitumba.

Kupanda kwa nguvu kulikuwa kwa haraka. Evo II ya 1994 ilifika 260, Evo III ya 1995 ikafika 270, na Evo IV ya 1996 ikagonga 280. Subaru haikukubali kuachwa, na mwaka huo huo wa 1996 STI yake nayo ikatangazwa kuwa na 280.

Hapo kukawa na ukuta. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Mtu angedhani mchezo umeisha, kumbe ndiyo kwanza umenoga. Kwa kuwa namba ya injini imefungwa, ugomvi ukahamia kwenye kona, breki na giaboksi. Evo IV ilikuja na mtambo wa kugawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto, ili gari lijipinde lenyewe kwenye kona. Subaru ilikuwa na jibu la aina nyingine: katika baadhi ya STI, kitufe cha kuzungusha kilimwezesha dereva kuamua mwenyewe jinsi difu ya kati inavyokaza.

Mwaka 1998 Evo V ikafungwa breki za Brembo. STI ya kizazi cha pili, ya 2000, nayo ikaja na Brembo, ikaongeza na giaboksi ya gia sita. Mitsubishi ikaiga gia sita kwenye Evo VIII ya 2003.

Uwanja wao mgumu kuliko yote ulikuwa Kenya. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ingawa kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imebaki Kenya peke yake. Mitsubishi ilikuwa na jina huko tangu Joginder Singh aliposhinda na Lancer mwaka 1974 na 1976. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Lancer, 1997 Colin McRae akashinda na Impreza, 1998 Richard Burns akairudishia Mitsubishi. Ford ilipenya 1999, kisha Burns, ambaye sasa alikuwa amehamia Subaru, akashinda 2000, na Mäkinen akashinda tena na Mitsubishi 2001. Ushindi mara tano katika miaka sita, kwa kampuni mbili tu. (Mäkinen naye alihamia Subaru 2002. Madereva hawakuwa na uadui kama mashabiki wao.)

Kwa muuza spea, kila pigo la vita hivyo ni namba tofauti ya chasisi. Evo IV ilipokuja, Mitsubishi iligeuza injini upande wa pili, na ndiyo sababu giaboksi ya Evo III haiingii. Evo II na III ni CE9A, IV ni CN9A, V na VI ni CP9A, VII hadi IX ni CT9A. Evo X, CZ4A, ina injini nyingine kabisa, 4B11. Kwa STI, kizazi cha kwanza ni GC8 na cha pili ni GDB. Injini za ukoo huo, zikiwa na tofauti zake, zilifungwa pia kwenye Forester, Legacy na Airtrek zenye turbo.

Mitsubishi ilijitoa katika mbio za dunia baada ya msimu wa 2005, Subaru ikafuata mwishoni mwa 2008. Tazama kilichofuata. Kati ya 1992 na 2001 zilitoka Evo saba. Evo X, iliyotoka 2007, ilikaa sokoni hadi 2016 bila mrithi, ikafa ikiwa hiyo hiyo. Machi 2022 Subaru nayo ikatangaza kwamba haitatengeneza STI mpya ya petroli kwa WRX ya sasa.

Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo hata Evo za mwisho zimeshafungiwa mlango Mombasa. Uganda, ambayo kikomo chake ni miaka 15 tangu gari litengenezwe, bado itaweza kupokea za 2016 kwa miaka kadhaa. Tanzania haizuii kwa umri, bali huongeza ushuru kadiri gari linavyozeeka. Giaboksi na rimu zilizotumika ni biashara nyingine, na huko swali la kwanza la muuzaji wa Japani litakuwa lile lile: namba ya chasisi ni ipi?