Soma Bamba Kabla ya Kuwasha Gesi

Septemba 1961, askari wa Ireland zaidi ya 150 waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa na majeshi ya Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Walikuwa na magari ya deraya ya Ford, yaliyoundwa kwao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Angani walijiwa na Fouga Magister, ndege ya mafunzo iliyofungwa silaha. Katanga ilikuwa imepata Fouga tatu tu: moja ilianguka, nyingine ikakamatwa Elisabethville (leo Lubumbashi), na hiyo ya tatu ndiyo iliyowasumbua.

Zana za vita ile hazikurudi zote zilikotoka. Sweden, iliyokuwa pia katika jeshi la Umoja wa Mataifa, iliziharibu hukohuko Kongo baadhi ya ndege zake za kivita za Saab J 29, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha ilizidi faida. Hesabu hiyo hufanywa kila yadi ya mabaki ya jeshi inapofungwa: kinachopata mteja kinauzwa, kilichobaki kinapimwa kwa kilo. Kwa fundi wa Likasi anayeletewa mzigo wa aina hiyo, kazi ya kwanza ni kujua ameshika nini.

Jibu mara nyingi limo kwenye bamba dogo lililopigiliwa ubavuni mwa injini, lenye jina la kiwanda, aina na namba. Lisafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Brashi ya waya hula herufi. Mfano mzuri ni M8 Greyhound, gari la deraya la Marekani lenye magurudumu sita, ambalo lilitumika pia Katanga. Injini yake ni Hercules JXD, ileile iliyofungwa kwenye lori la Studebaker US6. Kwa hiyo kabureta au silinda hedi ya lori lililokufa inaweza kuliwasha gari la deraya. Asiyesoma bamba huuza uzito peke yake.

Kongwa, Tanganyika, ilionja uchungu wa kukosa spea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta yaliyobaki baada ya vita, mengi yakitoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, takriban theluthi mbili yalikuwa yamelala. Mradi ulifutwa 1951.

Kwa ndege masharti ni makali zaidi. Kipande kisicho na hati za asili yake, saa zake za kuruka na matengenezo yake hakirudi angani, hata kikiwa kinang'aa. Nafasi yake ni makumbusho.

Vipo pia vipande vinavyodhuru. Vipimo vingi vya dashibodi vya enzi za Vita Kuu ya Pili vilipakwa rangi ya radiamu ili visomeke usiku. Leo having'ai tena, na hapo ndipo watu hudanganyika: kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, ilhali radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Kioo kisifunguliwe, rangi isikwanguliwe, wala watoto wasipewe wachezee. Likasi ina uhusiano wa karibu na jambo hili. Madini ya mgodi wa Shinkolobwe, magharibi mwa mji, ndiyo yaliyoiwezesha kampuni ya madini ya Union Minière kuzalisha radiamu huko Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922, na kwa miaka kadhaa kutawala soko la dunia.

Magurudumu na maganda ya giaboksi ya ndege za zamani huweza kuwa ya magnesiamu. Ikishika moto wa gesi ya kukatia, maji huuchochea. Mchanga mkavu ndio wa kutumia. Bitana za breki za zamani huweza kuwa na asbesto, hivyo zisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Kombora au risasi ikionekana, kazi isimame na waitwe wataalamu wa kutegua.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Piga picha kipande kikiwa mahali pake, nakili namba zote, andika kilitoka yadi gani na lini, kisha loweka boliti kwa mafuta usiku kucha kabla ya kufikiria kukata. Chenye alama za jeshi au cha ndege kionyeshwe kwanza Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambako anayetoka Likasi kwa barabara hufika siku hiyohiyo. Tanuru linaweza kusubiri wiki moja. Kipande kikishayeyushwa, namba zake hazisomeki tena.